"Calm" Si Upole

Alasiri ya tarehe 15 Januari 2009 ndege ya abiria iliruka kutoka uwanja wa LaGuardia, New York, na kabla haijafika mbali ikagongana na kundi la bata bukini. Injini zote mbili zikaishiwa nguvu. Rubani, Chesley Sullenberger, alikuwa na dakika tatu na ushei za kuamua. Akaishusha juu ya maji ya mto Hudson, na watu wote 155 waliokuwamo wakatoka hai. Waandishi wa Kiingereza walipoisimulia habari ile, kivumishi kimoja kilirudi tena na tena: "calm". Sauti yake kwenye redio ya ndege ilikuwa "calm", na yeye mzima alikuwa "calm". Wiki chache baadaye alipohojiwa kwenye televisheni, Sullenberger alieleza kwamba wakati ule alihisi tumboni jambo baya kuliko lolote alilowahi kulihisi maishani.

Msomaji wa Kiingereza hakuona kwamba maelezo hayo mawili yanapingana. Sasa jaribu kuyaleta kwa Kiswahili. Ukiandika kwamba rubani alikuwa mpole, msomaji atauliza upole umeingiaje hapo. Ukiandika kwamba alikuwa kimya, umemdanganya, maana rubani alikuwa akizungumza na waongozaji wa ndege. Ukiandika kwamba alikuwa mtulivu, umekaribia. Lakini msomaji ataelewa kuwa huyo bwana ndivyo alivyo siku zote, kazini na nyumbani, wakati habari yenyewe ilihusu dakika tatu.

Hiki ni kivumishi ambacho mwanafunzi wetu hukutana nacho mapema shuleni, akaambiwa maana yake ni "-tulivu", akaendelea na safari. Kwa maoni yangu ni miongoni mwa maneno madogo ya Kiingereza yanayotafsiriwa vibaya zaidi kwenye magazeti na redio zetu. Sababu ni moja. "Calm" ni neno la saa ambayo mtu au kitu kilikuwa na kila sababu ya kuchafuka na hakikuchafuka. Mtu anayesoma gazeti barazani akiwa na kikombe cha kahawa haitwi "calm". Anaitwa hivyo yule anayeendelea kusoma wakati nyumba ya jirani inawaka moto, kwa sifa au kwa lawama.

Neno lenyewe limetoka juani. Wanaisimu wengi wanalirudisha kwenye neno la Kigiriki "kauma", yaani joto kali, hasa joto la jua, ambalo nalo limetokana na kitenzi cha kuunguza. Kitenzi hichohicho ndicho kilichozaa jina la kostiki, ile soda kali ya watengeneza sabuni. Kilatini cha baadaye kiliichukua "kauma" kwa maana ya joto la adhuhuri. Anayejua jua la utosi hahitaji kuelezwa yaliyofuata. Saa hizo mkulima huacha jembe na mbwa hutafuta kivuli. Jina la joto likahamia kwenye mapumziko ya saa za joto, kisha likahamia kwenye bahari isiyo na upepo. Waitaliano wakasema "calma", Wafaransa "calme", na kufikia mwishoni mwa karne ya 14 Waingereza nao walikuwa nalo.

Kwa muda mrefu walilitumia kwa upepo na maji. Kumwita mtu hivyo kulikuja baadaye, kwenye karne ya 16, na aliyeitwa hivyo alikuwa anafananishwa na bahari. Sitiari hiyo imechakaa kiasi kwamba Mwingereza wa leo haioni tena, ila bado inafanya kazi chini ya neno. Hakuna anayeisifu bahari kwa kutulia kama hajui inavyoweza kuchafuka. Ndiyo maana neno hili halikai vizuri kwenye vitu visivyochafuka kamwe. Jiwe haliwi "calm", wala kabati. Ziwa laweza, na sokoni kwaweza kuwa hivyo baada ya vurugu, na hata soko la hisa, kwa kuwa nalo hupanda na kushuka kama mawimbi.

Mabaharia ndio waliolipa neno hili kipimo. Miaka ya 1805 na 1806 ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, alipanga ngazi za nguvu za upepo ili manahodha waache kuandika kila mmoja anavyojisikia. Mwaka 1838 jeshi hilo likazifanya kuwa kanuni ya daftari za meli zake. Ngazi ya chini kabisa, namba 0, inaitwa "calm". Kwenye maelezo yaliyokuja kuongezwa baadaye, moshi hapo unapanda wima na bahari ni kama kioo. Huo ni utulivu wenye namba: upepo usiofika noti moja.

Kwa baharia wa tanga, namba 0 haikuwa habari njema hata kidogo. Meli isiyo na upepo haiendi, na maji ya kunywa yanapungua kila siku inayopita. Kiingereza kina kitenzi maalumu cha msiba huo, "becalmed", yaani kukwamishwa na shwari. Samuel Taylor Coleridge aliutumia kama moyo wa utenzi wake wa baharia mzee, uliochapishwa mwaka 1798, ambamo shwari ndiyo inayoua. Karibu na ikweta kuna ukanda wa bahari ambao mabaharia wa Ulaya waliuogopa kwa sababu hiyohiyo, na jina lake la Kiingereza, "doldrums", hadi leo linatumika kwa mtu aliyekwama katika huzuni.

Watu wa jahazi kwenye pwani yetu walilijua jambo hili bila kuhitaji Beaufort. Safari zilipangwa kwa kaskazi na kusi, na katikati yake ipo tanga mbili, majira ya pepo zisizo na msimamo. Nahodha aliyekwama na tanga limening'inia kama nguo kambani hakusema "Alhamdulillahi, bahari shwari" kwa furaha ileile ya mvuvi wa mtumbwi anayetaka kuvuka mlango wa bahari asubuhi. Kwa hiyo "shwari" ya Kiswahili ndiyo ndugu wa damu wa "calm" kuliko neno jingine lolote tulilonalo. Yote mawili ni maneno ya maji na upepo. Yote mawili yana uso wa heri na uso wa shari. Na yote mawili yamepanda nchi kavu. Kijana wa Nairobi au Dar es Salaam akiulizwa hali, hujibu "shwari" bila kuwaza chombo chochote.

Wafasiri wa Biblia waliliona hilo. Katika kisa cha Yesu kuikemea dhoruba ziwani, tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilitumia "calm" kwa hali iliyofuata, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version ikatumia "shwari". Ila katika amri yenyewe Kiswahili kinaleta vitenzi viwili, kunyamaza na kutulia, na kwetu sauti na mwendo ni mambo tofauti. Bahari inaweza kunyamaza bila kutulia, kama kila mvuvi anavyojua. Wingu limejikusanya, upepo umekata, na maji yanapumua kwa chini. Waingereza wana msemo wa utulivu unaotangulia dhoruba, sisi tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Msemo wao ni wa kuona kwa macho, wetu ni wa kusikia kwa masikio. Anayeutafsiri mmoja kwa mwingine hakosei, mradi ajue amebadilisha kiungo cha mwili.

Mahali ambapo "calm" inashindwa panatufundisha zaidi. Katika sura ya 89 ya Qurani, Al-Fajr, kuna nafsi inayoitwa kwa neno la Kiarabu linalotokana na itmi'nani, yaani utulivu wa moyo. Marmaduke Pickthall, aliyechapisha tafsiri yake ya Kiingereza mwaka 1930, alichagua neno la amani. "Calm" isingetosha, maana ni neno la uso wa maji, na kinachozungumzwa pale kimefika chini kabisa, pasipofika wimbi. Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, alipotafsiri kwa Kiswahili, alichukua kitenzi kifupi cha Kibantu: tua. Nafsi iliyotua. Sijui kama kuna tafsiri ya Kiingereza iliyolipata hili kwa silabi chache hivyo.

Hapo kwenye "tua" inafaa tukae kidogo. Ndege hutua, jua hutua, mpagazi hutua mzigo. Ukikiweka kitenzi hicho katika kauli ya kutendea unapata "tulia", kama vile "chukua" inavyotoa "chukulia". Kutoka "tulia" unapata "-tulivu", kwa kiambishi kilekile kilichotoa "-sikivu" katika "sikia" na "-vumilivu" katika "vumilia". Kwa hiyo ndani ya neno letu la utulivu yupo mtu aliyeweka kitu chini. Ndani ya lile la Kiingereza yupo mtu aliyeketi akisubiri jua lipungue. Mmoja alikuwa na mzigo, mwingine alikuwa na hali ya hewa. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kamusini, kwani mzigo unautua wewe mwenyewe, na hali ya hewa hukupata tu.

Tena Kiswahili kinatoa jambo ambalo Kiingereza hakina. "Ametulia" na "ni mtulivu" ni habari mbili. Ya kwanza ni hali iliyopatikana baada ya jambo fulani, kama "amechoka" au "amelala". Ya pili ni tabia ya mtu, nayo hutajwa wakati wa posa na kwenye barua za kumwombea kazi. Kiingereza hutumia "calm" kwa zote mbili na kumwachia msikilizaji atambue. Lakini uzito wa neno uko upande wa hali. Ndiyo maana kwa rubani wa Hudson ningeandika kwamba alizungumza kwa sauti iliyotulia, au kwamba hakupapatika, na kuliacha "mtulivu" likae akibani kwa ajili ya mtu ambaye jirani zake wanamjua hivyo.

Upande wa pili wa hatari ni kwamba "kutulia" kwetu kumeenda mbali zaidi. Msichana aliyetulia ni msichana mwenye heshima zake. Mtu aliyekuwa akirandaranda akaoa, tunasema sasa ametulia. Vijana wa Tanzania wakiona gari zuri au shati lililokaa sawasawa husema "imetulia". Hakuna hata moja kati ya hayo litakalobebwa na "calm". Mwanafunzi anayemwandikia mwajiri kwa Kiingereza kwamba yeye ni "calm", akikusudia kuwa hana makuu na ana adabu, anamwambia mwajiri jambo jingine: kwamba hataruka kitini kengele ya moto ikilia. Si sifa mbaya, ila siyo aliyoikusudia.

"Mpole" ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Upole ni namna ya kuwatendea wengine, na kinyume chake ni ukali. Mtu anaweza kuwa "calm" na katili kupindukia. Riwaya za upelelezi za Kiingereza zimejaa wauaji wa aina hiyo, na ndicho kinachowafanya watishe. Kumwita muuaji kama huyo mpole ni kuipotosha riwaya nzima.

Kiingereza chenyewe kina jamaa kubwa ya vivumishi vya namna hii, na sehemu kubwa ya ufundi ni kujua nani anakaa wapi. "Serene" ni la angani. Limetoka kwenye Kilatini cha anga isiyo na wingu, na bado lina hewa ya juujuu, hata likawa cheo. Mtawala wa Monaco na yule wa Liechtenstein huitwa kwalo hadi leo, na jamhuri ya Venice, kabla haijaanguka mwaka 1797, ilijiita kwa umbo lake la sifa ya juu kabisa, Serenissima. "Tranquil" ni la mahali: bustani, kijiji, ufuko bila watu. Mwaka 1651 mtaalamu wa nyota Giovanni Riccioli alilitumia kwa jina la bonde moja la mwezini aliloliita bahari, na tarehe 20 Julai 1969 chombo cha Apollo 11 kikatua humo, mahali pasipo na tone la maji wala pumzi ya upepo. Kweli hakuna utulivu uliotimia zaidi ya huo. "Placid" hufaa ziwa, lakini kwa mtu lina dharau kidogo ndani yake, kama kumwita zezeta kwa adabu. "Composed" ni mtu aliyejikusanya baada ya kukaribia kutawanyika, na hili linakaribia sana "calm". "Quiet" ni la sauti hasa. Katika wote hao, "calm" ndilo la kila siku, na linaweza kuwa kivumishi, nomino na kitenzi bila kubadilisha hata herufi moja. Matamshi yake yamewashinda wengi: herufi l imeandikwa, lakini katika Kiingereza sanifu cha Uingereza haitamkwi.

Kitenzi kinachotangulia ndicho hubadilisha kila kitu. "Keep calm" na "stay calm" humwambia mtu aendelee na hali aliyo nayo, na zinampa heshima ya kudhani kwamba tayari ametulia. "Calm down" humwambia kwamba amekwisha kuchafuka. Mwaka 1939 Wizara ya Habari ya Uingereza ilichapa mabango karibu milioni mbili na nusu yenye maneno "Keep Calm and Carry On", yatumike siku za hatari kubwa. Hayakupata kubandikwa kwa wingi, na mwaka 1940 mengi yakasagwa kutengeneza karatasi nyingine. Mwaka 2000 wenye duka la vitabu vikuukuu mjini Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, walilikuta moja chini ya boksi la vitabu, wakalitundika ukutani, na toka hapo likaenea dunia nzima kwenye vikombe na fulana. Kama wizara ingeandika "Calm down", wananchi wangetukanwa na serikali yao wenyewe.

Waziri Mkuu wa nchi hiyohiyo, David Cameron, alilijua hilo kwa njia ngumu. Tarehe 27 Aprili 2011 bungeni alimwambia mbunge mwanamke wa upinzani, Angela Eagle, "Calm down, dear". Chama cha Labour kilidai aombe radhi, na gumzo likachukua siku kadhaa. Hakuna tusi katika maneno hayo yakitazamwa moja moja. Tusi liko katika kumpangia mtu mzima hali ya moyo wake mbele za watu, badala ya kumjibu hoja. "Hebu tulia, mama" ya kwetu hukata kwa makali yaleyale, na mama yeyote aliyewahi kuambiwa hivyo na karani dirishani anaujua ukali huo.

Mwaka 2012 "calm" na "shwari", maneno yale mawili ndugu, yaliingia sokoni kwa pamoja. Mwaka huo ilianzishwa kampuni ya programu ya simu iitwayo Calm, inayouza tafakuri na hadithi za usingizi. Novemba mwaka huohuo Safaricom na benki ya Commercial Bank of Africa walizindua Kenya huduma ya akiba na mikopo kwa simu, wakaiita M-Shwari. Kwa Kiingereza ikauzwa shwari ya usiku, kwetu ikauzwa shwari ya mfukoni. Nadhani waliochagua majina yote mawili walijua vizuri wanunuzi wao wanakoshwa usingizi na nini.

Kisha kuna kutuliza, kauli ya kutendesha, na hapa Kiswahili kina upana unaohitaji uangalifu. Dawa hutuliza maumivu, jambo ambalo "calm" halifanyi kwa urahisi. Mzazi hutuliza mtoto. Na polisi wana Kikosi cha Kutuliza Ghasia, jina ambalo Watanzania wamelizoea kiasi cha kutosikia tena kitenzi kilichomo. Mwaka 2009 jeshi la Kongo, likisaidiwa na wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, liliendesha Kivu operesheni iliyoitwa Kimia II, kwa neno la Kilingala la amani na utulivu linalofanana na kimya chetu. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika kwa kirefu mauaji na ubakaji uliofanyika ndani ya operesheni hiyo. Neno la utulivu likishikwa na mwenye bunduki, tuangalie ni nani anayetulizwa, na kwa kitu gani.

Hilo ndilo linalonirudisha kwenye sentensi ninayoisikia karibu kila baada ya uchaguzi, ajali au ugonjwa wa mlipuko: "Wananchi wametakiwa kuwa watulivu." Ni tafsiri ya neno kwa neno ya taarifa za Kiingereza, na kwa masikio ya Kiswahili inasema jambo lisilokusudiwa. Inawataka watu wawe na tabia fulani, kana kwamba walikuwa wakorofi, wakati Kiingereza kilikuwa kinawaomba wasipoteze akili kwa saa chache. Tena mara nyingi inatolewa bila kuwaambia kilichotokea, na hakuna aliyewahi kutua mzigo asioujua.

Lugha tunayo. Taharuki, hamaki, papara, kiwewe, kupapatika: Kiswahili kina maneno mengi ya kutaja kule kuchafuka ambako "calm" inakukanusha, na kukanusha ndiko kunakoifikisha maana. Wahariri wenzangu, taarifa hiyo ikija tena mezani, andikeni "wananchi wasitaharuki", halafu sentensi inayofuata iseme kuna nini.